Njia maalumu: kinachogombaniwa hasa kati ya reli nyepesi na mabasi ya mwendokasi

Mji wowote ukifikia hatua ya kupanua usafiri wake wa umma, watu hugawanyika kambi mbili. Wapo wanaotaka reli nyepesi, yaani treni fupi za umeme zinazopita mjini juu ya reli zilizolazwa barabarani au kando yake. Wapo wanaotaka mabasi ya mwendokasi, BRT kwa kifupi: mabasi marefu yenye barabara yake, vituo vyenye jukwaa, na tiketi inayokatwa kabla ya kupanda. Mabishano huwa makali, na yanastahili kuwa makali, kwa sababu uamuzi utakaotoka hapo ndio utakaopanga mfanyakazi wa kawaida afike nyumbani saa ngapi kwa miaka 30 ijayo. Kinachonisikitisha ni kwamba nguvu zote huishia kwenye chombo, ilhali kinachoamua uwahi au uchelewe ni njia ambayo chombo hicho kinapita.

Njia maalumu ni sehemu ya barabara iliyotengwa kwa ajili ya usafiri wa umma peke yake, kwa namna ambayo gari jingine haliingii hata kama dereva wake anataka. Mstari wa rangi hautoshi. Panahitajika ukingo wa zege, au tuta, au njia iliyoinuliwa juu kidogo ya barabara nyingine. Na mara nyingi njia hiyo hupitishwa katikati, kwa kuwa pembeni ndiko teksi zinakoshusha abiria, malori yanakopakua mizigo, na kila gari linalotaka kuingia uchochoroni linakopunguza mwendo.

Ili kuona kazi yake, liangalie basi la kawaida kwenye kituo kimoja tu. Limesogea pembeni, abiria 20 wanasubiri. Wanapandia mlango mmoja, wanalipa mmoja mmoja, mwingine anangoja chenji, mzee mwenye fimbo anapanda ngazi moja baada ya nyingine. Tuseme kila mtu anachukua sekunde nne: zimeshapita sekunde 80. Dereva anawasha indiketa arudi barabarani, magari hayampishi. Anapopishwa, taa za mbele zimeshageuka nyekundu. Vituo 12 vya namna hiyo ni dakika 16 zilizoliwa na kupandisha watu peke yake, na foleni yenyewe hatujaigusa.

Sasa geti la kituo likate tiketi, jukwaa lilingane na sakafu ya basi, na milango minne ifunguke kwa pamoja. Watu walewale 20 wanaingia ndani ya muda mfupi sana, mzee yule akiwemo, tena bila kuinua mguu. Basi linaondoka bila kuomba nafasi kwa mtu, kwa kuwa liko kwenye njia yake. Kwenye makutano, kifaa kinalitambua linapokaribia na taa ya kijani inaongezewa sekunde chache. Injini haijaguswa kabisa, na bado safari imekuwa fupi.

Mji wa Curitiba nchini Brazili ulianza na wazo hili mwaka 1974, kutokana na mpango uliosukumwa na Jaime Lerner, msanifu majengo aliyekuwa meya wake. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilifuata mwaka 2000 kwa mfumo wa TransMilenio, ikaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: kwenye vituo kuna njia mbili kila upande, ili basi la moja kwa moja lipite lile lililosimama. Kwa mpangilio huo ilifikia kusafirisha zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja. Ziko njia nyingi za reli zisizofika hapo. Kwa hiyo anayesema basi haliwezi kubeba umati hajaangalia Bogotá.

Na anayesema reli ni haraka kwa sababu tu ni reli, aiangalie Toronto nchini Kanada. Mtaa wa King una tramu, yaani treni ndogo za umeme za mtaani, za miaka mingi, na kwa muda mrefu zilikuwa zikitambaa nyuma ya magari binafsi, zimenaswa juu ya reli zao zenyewe, maana tramu haiwezi kukwepa gari lililosimama mbele yake. Novemba 2017 mji ulizuia magari kupita moja kwa moja katika kipande cha katikati. Reli hazikubadilishwa. Abiria wa siku ya kazi waliongezeka kutoka 72,000 hivi hadi kama 84,000, na mwaka 2019 utaratibu ule ukafanywa wa kudumu. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko yote katika mjadala mzima.

Je, kwa hiyo basi na treni ni sawasawa? Hapana. Basi lenye kiungo katikati hubeba kama watu 150. Likipita moja kila dakika tatu, ni watu 3,000 kwa saa. Kila dakika moja, 9,000. Ukizidisha hapo, na njia haina nafasi ya kupitana, mabasi huanza kupangana nyuma ya kituo, na kila moja linamchelewesha mwenzake. Treni ya mabehewa mawili yenye watu 200 kila behewa, ikipita kila dakika tatu, inabeba 8,000 kwa safari 20 tu. Kwa mabasi yale ungehitaji zaidi ya safari 50, na kila safari ina dereva wake. Mshahara wa dereva unalipwa kila mwezi, miaka nenda miaka rudi. Hapo ndipo reli hudai heshima yake: gharama ya kuijenga kwa kawaida ni mara kadhaa ya ile ya mabasi, lakini abiria wakiwa wengi kweli, kila mmoja hugharimu kidogo kumsafirisha.

Ottawa, mji mkuu wa Kanada, ilipitia pande zote mbili. Ilianza na barabara za mabasi pekee mwaka 1983, zikafanya kazi vizuri nje ya katikati ya mji. Ndani ya katikati mabasi yaliingia mitaa ya kawaida yenye taa, na huko yakawa yanafuatana kwa msururu. Mwaka 2019 walifungua reli nyepesi inayopita kwenye handaki chini ya kipande hicho hicho. Reli nayo ikaja na matatizo yake ya magurudumu na milango, na mwaka 2021 treni ziliacha njia mara mbili. Addis Ababa, iliyofungua reli yake nyepesi mwaka 2015, ilifika mahali treni nyingi zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Anayenunua treni anunue na karakana, na afundishe mafundi.

Ugumu wa njia maalumu uko kwingine: ardhi lazima itoke kwa mtu. Barabara haiongezeki upana kwa kutamani. Ukitenga njia mbili, wenye magari wanapoteza njia mbili, na sauti zao husikika haraka kuliko za watu waliobanana ndani ya basi. Delhi ilifungua kipande cha njia ya mabasi cha kilomita 5.8 mwaka 2008. Lawama hazikukoma, na mwaka 2016 kikabomolewa. Kwingineko hakibomolewi kitu, mradi unamomonyolewa tu ungali kwenye michoro. Leo jukwaa linaondolewa ili kubana matumizi, kesho teksi zinaruhusiwa kuingia, keshokutwa njia inakuwa maalumu asubuhi na jioni peke yake. Siku ya uzinduzi jina la mwendokasi lipo, mwendo haupo. Mabasi ndiyo huumia zaidi kwa ugonjwa huu, kwa kuwa basi linaweza kupita popote, na kila mpunguzaji husema litapita tu.

Kwa hiyo ukiletewa ramani ya mradi kwenye mkutano wa wananchi, usianze na picha ya treni au basi linalong'aa. Nenda kwenye makutano, madaraja na sehemu nyembamba za katikati ya mji. Uliza magari yatazuiwa na nini, nani atalisimamia hilo, na basi au treni itapewa nini kwenye taa. Ukiambiwa kwamba hapo vyombo vitaungana na magari mengine kwa mita 800 tu, uliza mita hizo 800 zina taa ngapi, na foleni yake ya jioni huwa ndefu kiasi gani.