Je, Wajua Kwa Nini Watunzi wa Muziki Huwatafuta Wachoraji?

Lamu haijapungukiwa na mafundi wa kuonwa wala wa kusikizwa. Vichochoroni kuna milango ya nakshi, ndani ya nyumba za kale kuna zidaka za plasta, na Maulidi yakifika matwari na nai husikika hadi usiku mkubwa. Hata hivyo, mchoraji wa majahazi pale ufukoni na mpiga udi anayealikwa harusini wanaweza kuishi mtaa mmoja miaka na miaka bila kufanya kazi moja pamoja. Kijana anayejifunza udi ana haki ya kuuliza: mchoraji atanifaa nini?

Atamfaa sana, na sababu yenyewe ni jinsi sanaa hizi mbili zinavyotumia muda. Picha huonekana yote kwa mara moja. Mtazamaji hujichagulia aanzie kwenye tanga au kwenye maji, na akae hapo apendavyo. Muziki haumpi msikilizaji uhuru huo. Unapita, na kilichopita hakirudi mpaka mtunzi akirudishe. Ndiyo maana taabu kubwa ya mtunzi ni umbo: aanze wapi, arudie nini, anyamaze lini. Mchoraji umbo analo, ila hana njia ya kumshika mtu mkono na kumpeleka hatua kwa hatua. Kila mmoja anamhitaji mwenzake pale anapokwama.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Modest Mussorgsky, mtunzi wa Urusi. Rafiki yake Viktor Hartmann, msanifu majengo na mchoraji, alifariki mwaka 1873. Mwaka uliofuata michoro yake ikaonyeshwa mjini St. Petersburg, na Mussorgsky akatunga vipande kumi vya piano kutokana nayo. Sasa tazama ugumu wake. Michoro ile haikuwa na uhusiano: huku vifaranga ndani ya maganda ya mayai, kule gari zito la ng'ombe, pengine lango kubwa la mji wa Kiev. Utaifungaje pamoja? Mussorgsky akamtia ndani ya muziki mtu anayetembea. Kuna wimbo mfupi unaorudi kati ya baadhi ya picha, nao ndio mwendo wa mtazamaji ukumbini. Mapigo yake hupishana, matano kisha sita, kwa hiyo hatua hazilingani, kama zilivyo hatua za mtu anayesita na kugeuza shingo. Mwaka 1922 Maurice Ravel wa Ufaransa aliiandika kazi hiyo upya kwa ajili ya okestra, na hivyo ndivyo wengi wanavyoijua leo. Michoro mingi ya Hartmann imepotea, na lango lile la Kiev halikujengwa kamwe. Limebaki likisikika tu, jambo ambalo mji wa milango kama Lamu unapaswa kulionea uchungu na fahari kwa pamoja.

Wakati mwingine safari huanzia upande wa pili. Januari 1911, mjini Munich, mchoraji Wassily Kandinsky alihudhuria onyesho la muziki wa Arnold Schoenberg. Alitoka pale akachora picha iliyojaa rangi ya manjano, na piano ikiwa doa jeusi tu, kisha akamwandikia barua Schoenberg, mtu ambaye hawakuwa wamekutana. Schoenberg alikuwa ameacha kuufunga muziki wake kwenye sauti moja kuu. Kandinsky alikuwa anaacha kuchora vitu vinavyotambulika. Hakuna aliyempambia mwenzake kazi. Walikuwa na fundo moja, kila mmoja akilifungua kwa kifaa chake.

Na kuna ushirikiano ambao mchoraji huamua hata kitakachosikika. Mwaka 1917, mjini Paris, Pablo Picasso alibuni mavazi ya dansi ambayo muziki wake ulitungwa na Erik Satie. Baadhi ya mavazi yalikuwa makubwa na magumu mno, hata wachezaji wakawa hawawezi kujipinda. Waliloweza ni kupiga miguu chini. Kishindo kile kikawa sehemu ya mdundo.

Lamu jambo hili si geni. Ingia Makumbusho ya Lamu uzitazame siwa mbili, yaani baragumu za kale: ya kisiwa cha Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba. Zilipulizwa kwenye sherehe za wakubwa, na watu wengi huzisifia nakshi tu. Lakini siwa ni ala. Hupulizwa ubavuni, na urefu wake ndio unaofanya sauti iwe nzito. Haina matundu ya vidole, hivyo mpulizaji ana sauti chache tu za kuchezea. Uzuri hutokana na namna anavyorefusha na kufupisha pumzi. Mchongaji wa pembe naye hakuwa huru: akichimba nakshi kupita kiasi hadi pembe ipasuke, hewa inavuja na sauti inakufa. Jicho na sikio vilibanana ndani ya kitu kimoja, na sidhani kuna somo la ushirikiano lililo wazi kuliko hilo.

Kwa hiyo kijana wetu wa udi asianze kwa kutafuta picha nzuri ya kuipigia muziki. Amwombe mchoraji wa ufukoni picha tatu zisizofanana, tuseme jahazi, punda na mlango, azitundike barazani, kisha atunge kitu kimoja tu: wimbo wa kutembea kutoka picha hadi picha. Mchoraji naye akisikia mahali udi unaposita, atajua ni picha gani inayotaka nafasi zaidi ukutani.