Zana za kujitengenezea gareji: kwanza uliza ikivunjika itaruka wapi

Mimi nafundisha mekanika ya magari kwa chuo cha ufundi hapa Kisumu, na kila muhula lazima kuna mwanafunzi ataniletea chuma ameweldi mwenyewe huko kwao akitaka nimwambie kama iko sawa. Juzi ilikuwa klampu ya seremala, zile za umbo la G, amechomelea kipande cha bomba kwa mdomo, amekata dirisha kwa hilo bomba ndio apate nafasi ya kutoa vile vikabari viwili vidogo vinashikilia springi ya valvu. Kazi safi kusema ukweli. Nikamuuliza, "Hii ukiwa umeikaza na springi imelala, ikivunjika itaruka wapi?" Akanyamaza, alafu mkono ukaenda wenyewe kwa uso.

Sasa hilo swali ndio somo langu lote leo. Sitaki mtu aseme chuo kinakataza watu kujitengenezea zana, hapana, mafundi wa Kibuye na Kondele wameshikilia magari ya huu mji kwa vyuma vya kujitengenezea miaka nenda miaka rudi na mimi mwenyewe nilianzia hapo chini ya mti. Lakini kuna zana ikivunjika unapoteza tu saa moja na kutukana kidogo, na kuna ingine ikivunjika unapoteza jicho.

Turudi kwa ile klampu. Klampu nyingi za bei ya chini ni chuma cha kumimina, na chuma cha kumimina hakipindi, kinapasuka tu ghafla, na ukikiweldi kwa stiki ya kawaida ufa unaanzia hapo kando ya weldi. Igonge na nyundo ndogo kabla ununue, ya stili inalia kama kengele, ya kumimina inalia du kama sufuria imepasuka. Alafu bomba. Alikuwa ametumia la maji, ile nyeupe inang'aa, nikamuuliza sasa wewe usiku ulilala aje? Akashtuka nimejuaje. Ati alitetemeka usiku mzima, mdomo una ladha ya sarafu, kiu haiishi, asubuhi akakimbia kupimwa malaria na haikuonekana. Kaka, huo ni moshi wa zinki. Ukichoma bomba limepakwa zinki unavuta huo moshi na homa inakuja masaa kadhaa baadaye, wakati ushasahau ulikuwa unaweldi, na kwa sababu tuko hapa ziwani kila mtu anasema ni malaria. Kupimwa bado upimwe, lakini mwambie daktari ulikuwa unachoma nini, na kifua kikibana usingoje kukuche. Kawaida inaisha kwa siku moja au mbili. Na ile hadithi ya kunywa maziwa ndio moshi usikuguse wacha nayo, maziwa inaenda kwa tumbo na moshi uko kwa mapafu. Tafuta bomba nyeusi, basi.

Zana ya kujitengenezea naipenda kabisa ni ile ya kubana ring za pistoni. Unakata bati la debe kuukuu, upana kama wa vidole vinne, unapiga tupa kwa kingo mpaka zisikukate, unapaka oili, unazungusha kwa pistoni alafu unabana na klampu mbili za mpira wa rejeta. Pistoni unaigonga polepole na mpini wa nyundo, ule wa mbao. Ikikataa usiongeze nguvu, toa uangalie, kuna ring imechomoka imekaa kwa ukingo wa silinda na ukigonga tena moja tu umeivunja. Hiyo zana ikifeli hairuki mahali, inafunguka tu, unaanza upya.

Tindo ndio imenifunza kwa uchungu. Nikiwa bado mwanafunzi wa gareji nilichukua tupa kuukuu, nikainoa ncha kwa grainda, nikaanza kukatia bolti imeshika kutu. Tupa ni ngumu kama glasi, haikutengenezwa igongwe. Ikapasuka na kipande kikaingia kwa mkono hapa karibu na kiwiko, bado nina alama. Fundi mkubwa akasema tu ningekuwa nimeinama kidogo ningekuwa na jicho moja.

Kama unataka tindo au panchi tafuta springi ya lori iliyovunjika, hizo bapa, kwa watu wa skrepa ziko tele. Usitumie nondo ya kujengea, nondo nyingi ni laini, utagonga mara tatu ncha inakuwa kama uyoga. Kata springi, ipe umbo ikiwa ya moto, alafu pasha ncha mpaka iwe nyekundu na sumaku ikatae kushika, hapo ni kama digrii 770, ipitishe kidogo tu alafu izamishe kwa oili. Oili iwe ndani ya mkebe wa chuma wenye kifuniko, na uwe nje, kwa sababu inaweza kushika moto, na ukiona moto funika, usimwage maji. Sasa hapa ndio wengi wanaachia, wanafurahi tupa inateleza juu yake haikati, kumbe wametengeneza glasi ingine kama ile yangu. Lazima uirudishe kwa moto, mdogo sasa. Sugua ncha na msasa mpaka ing'ae, pasha kutoka nyuma polepole ukiangalia rangi ikitembea, manjano kama nyasi kavu, alafu hudhurungi, alafu zambarau, alafu bluu. Kwa tindo ikifika zambarau pale kwa ncha, karibu digrii 280, toa. Upande wa kugongwa usiugumishe kabisa, uwache laini, na ukiota uyoga saga huo uyoga, vipande vyake vinaruka kama risasi. Miwani vaa. Kila siku nasema na kila siku napata mtu amevaa kwa paji la uso.

Spana ya kupindwa kwa moto ndio ifike kona imejificha, hiyo sina ugomvi nayo sana, ila ukishaipiga moto mpaka nyekundu jua ugumu umeenda. Mdomo utafunguka ukiweka nguvu na utakula pembe za nati. Tumia kwa nati ndogo ya kushika mabati.

Mizani nayo inashangaza wanafunzi. Torki renchi, ile spana inapima nguvu ya kukaza bolti, ni bei, watu wanakaza bolti za silinda hedi kwa kusikia mkono, alafu baada ya mwezi gasketi inalia na mwenye Probox anarudi na makelele. Lakini mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia mbuta pale Dunga, inaweza kukusaidia. Torki ni nguvu mara umbali, basi. Chukua injini ya 1NZ-FE, zile ziko kwa Probox nyingi, bolti za hedi ziko 10, unaanza katikati ukienda nje, hatua ya kwanza ni Nm 29, yaani Newton-mita, alafu unazungusha digrii 90, alafu 90 tena. Kilo moja ya mizani ni kama Newton 9.8. Kwa hivyo ukitia ndoano ya mizani sentimita 30 kutoka katikati ya bolti, unavuta mpaka isome kilo 10 hivi, na hapo uko kwa 29. Vuta kwa pembe mraba na mpini, ukivuta kwa mshazari hesabu yote imeharibika. Na mizani irudishe sufuri ikiwa imelala, vile utaitumia, kwa sababu ikiwa imesimama ilikuwa inabeba uzito wa ndoano yake. Zile digrii 90 hazihitaji mashine, weka alama ya rangi kwa kichwa cha kila bolti zote zikiangalia mbele ya gari, mara ya kwanza zungusha mpaka ziangalie kando, mara ya pili mpaka ziangalie nyuma. Injini ingine ina namba zake, tafuta manual, usinibebee hizi za 1NZ uzipeleke kwa dizeli ya matatu.

Bolti ya puli ya kranki kwa hiyo hiyo injini ni Nm 128, na kuifungua ndio watu hufanya ule mchezo wa kutegesha spana yenye bomba refu kwa chasisi alafu mwingine anapiga stata. Jiulize swali letu hapo. Chuma bapa ya kutengenezea madirisha, ile nene, itoboe matundu mawili yaingiane na ya puli, funga na bolti mbili, sasa mmoja anashika puli na mwingine anafungua kwa mkono, hakuna mtu anagusa ufunguo wa gari.

Vitu viwili sitakufundisha kutengeneza hata uje na soda. Ya kwanza ni ya kubana springi ya shoki. Hiyo springi imebeba gari, ikitoroka haichagui. Ya pili ni stendi ya kushikilia gari ukilala chini yake. Na mawe ya kujengea pia sio stendi, yanabeba vizuri mpaka dakika yanapasuka na hayakupi onyo. Nunua stendi ya dukani, na lile gurudumu umetoa lisukume chini ya chasisi pia.

Na kama una kitu ushatengeneza na moyo unasita, ilete karakana tuifunge kwa vaisi tuivute hapo mbele ya macho yetu, na uje na ile miwani ikiwa kwa macho, sio kwa paji.