Simu Isiyopokelewa Usiku: Kwa Wazazi Ambao Watoto Wao Wanaanza Kusomea Sanaa za Maonyesho

Kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaporipoti chuoni, ofisi yetu ya ushauri wa wanafunzi hupokea wageni wawili wawili, yaani mtoto na mzazi wake. Mzazi ndiye anayeshika bahasha ya kaki yenye vyeti, mzazi ndiye anayejibu mtoto anapoulizwa jina lake kamili, na mara nyingi mzazi ndiye anayeeleza, huku kijana ameinamia simu yake, kwamba huyu kipaji chake kilionekana tangu akiwa kwaya ya watoto. Kwa wanafunzi wa uhasibu au uuguzi, bahasha hiyo huhamia mikononi mwa mtoto kabla ya saa ya chakula cha mchana. Kwa wanafunzi wa muziki, maigizo na ngoma inaweza kuchukua mwaka mzima.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mtoto anayekwenda kusomea uhandisi hakuwahi kujenga daraja sebuleni, lakini anayekwenda kusomea muziki amepiga kinanda sebuleni kwa miaka, na kila aliyeishi katika nyumba ile amekula na kulala na kinanda hicho. Wapo wazazi waliomsindikiza mazoezini kila Jumamosi, wakamshonea sare ya kwaya, wakakaa mstari wa mbele wakichezesha midomo pamoja naye. Wapo pia, na katika mji huu wa Dodoma wenye watumishi wengi wa serikali si wachache, waliolificha gitaa juu ya kabati hadi mtihani wa kidato cha sita uishe, kwa imani kwamba sanaa ni uhuni ambao utampita kijana akikua. Makundi haya mawili hujiona hayafanani kabisa. Sisi tunaoyapokea tunaona yanafanana mno, kwa kuwa yote mawili yalikuwa yakiisimamia sanaa ya mtoto, moja kwa kusukuma na jingine kwa kuzuia, na yote mawili huachishwa kazi hiyo siku moja. Nyumba ikishakuwa kimya, hata aliyekuwa akigombeza kelele hujikuta amesimama kwenye mlango wa chumba kisicho na mtu. Ofisi yetu haina dawa ya ukimya huo. Tunachoweza kufanya ni kumsaidia mzazi atofautishe jambo la kumkosesha usingizi na lile ambalo ndiyo masomo yenyewe.

Tuanze na malalamiko tunayoyasikia kuliko mengine yote: "Nampigia saa mbili usiku hapokei, nampigia saa nne hapokei, yuko wapi?" Katika hali nyingi jibu ni kwamba yuko mazoezini. Mchana wanafunzi wana vipindi vya darasani kama wenzao wa fani nyingine, na ukumbi wa mazoezi hugawanywa kati ya makundi kadhaa, kwa hiyo zamu za jioni, usiku na mwisho wa wiki haziepukiki, hasa onesho linapokaribia. Simu hukaa ndani ya begi, pembeni ya ukuta, kwa amri ya mwongozaji. Katika somo la nadharia, aliyekosa kipindi huazima daftari la mwenzake na maisha yakaendelea. Katika tamthilia yenye waigizaji kumi na wawili, akikosekana mmoja wale kumi na mmoja wamesimama, na kijana anayetoka nje kila mara kupokea simu ya nyumbani huonekana kwa wenzake kuwa hajajitoa. Wazazi wengi hawajui kwamba kwa kupiga mara tano usiku wanamgombanisha mtoto na kundi lake.

Mwombe ratiba ya mazoezi, siyo ya vipindi peke yake, kisha mkubaliane siku na saa ya kuzungumza kwa utulivu, kama Jumapili baada ya ibada au asubuhi ambayo hana kipindi. Ujumbe mfupi wa "nimefika hosteli" kila usiku unatosha. Ukikosa ujumbe huo usiku mmoja, vumilia. Ukikosa siku tatu mfululizo, na mwenzake wa chumba hajui aliko, hapo piga chuoni bila kuona haya.

Jambo la pili linalowashtua wazazi hutokea kuelekea mwisho wa muhula wa kwanza, pale kijana aliyekuwa nyota wa parokia au usharika anaposema kwa sauti ya chini kwamba anataka kubadilisha kozi. Nyuma ya ombi hilo mara nyingi kuna fedheha ndogo ambayo hajaitaja. Kwaya zetu nyingi husoma muziki kwa sol-fa, yaani do, re, mi, au hujifunza wimbo kwa sikio, na mwalimu mzuri wa kwaya anaweza kufundisha sauti nne bila karatasi hata moja. Chuoni kijana huyo hukutana na nota zilizoandikwa kwenye mistari mitano, akajikuta anasoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya watu ambao pengine hawaimbi vizuri kumshinda. Mwigizaji naye, aliyezoea kuchekesha shule nzima, huambiwa kwa wiki kadhaa asiseme neno lolote, ajifunze kupumua, kusimama na kutembea. Mzazi anayejibu kwa kusema "nilikuambia usome sheria" hufunga mlango ambao huenda usifunguke tena hadi mahafali. Mwulize ni somo gani hasa limemshinda, na amekwisha kumwona mkufunzi wake au bado. Sapu, yaani kurudia mtihani wa somo ulilofeli, katika mwaka wa kwanza si kudisko, yaani kuondolewa chuoni, na wengi hupita hapo wakaendelea.

Kuna baba alitoka Kongwa pamoja na kaka yake kuja kuona onesho la kwanza la binti yake. Walikaa safu ya pili, mashati yamepigwa pasi, wakasubiri. Binti hakuonekana katika sehemu ya kwanza wala ya pili. Taa zilipozimwa ili mandhari ibadilishwe, kivuli cha mtu aliyevaa nguo nyeusi kilipita haraka jukwaani kikiwa kimebeba kigoda, kikakiweka na kutoweka, na baba akamtambua mwanawe kwa mwendo. Baada ya onesho alituuliza, bila ukali, "Ada yote hii ni ya kubeba kigoda?" Swali lake lilikuwa la haki. Jibu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hushinda usaili mara chache, na hata anayeshinda hulazimika kupitia kazi za nyuma ya jukwaa, yaani taa, sauti, maleba (mavazi ya waigizaji), mandhari na usimamizi wa jukwaa. Hiyo ni nusu ya taaluma yenyewe, na wahitimu kadhaa hupata ujira wao wa kwanza huko, si mbele ya watazamaji. Tungependa wazazi waelezwe hivyo siku ya usajili. Kwa kawaida hawaelezwi, na hilo ni kosa letu sisi vyuo.

Kosa jingine ambalo hulaumiwa chuo, lakini si kosa, ni kukataa kumpa mzazi matokeo ya mtihani. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haibagui kati ya mzazi anayelipa ada na mtu mwingine yeyote. Matokeo yaombe kwa mtoto mwenyewe, na kama mnaelewana, akuoneshe akaunti yake ya mwanafunzi mkiwa mmekaa pamoja.

Upande wa fedha, fani za sanaa zina gharama ambazo fomu ya kujiunga huzitaja kwa maneno machache: nguo nyeusi za mazoezi, viatu vya kuchezea, nyuzi za gitaa zinazokatika, kitambaa cha maleba, nauli ya kwenda kutazama maonyesho ya wengine. Kwa aliyepata mkopo wa Bodi ya Mikopo, kiwango cha juu cha fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, kilipanda mwaka wa masomo 2022/2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bumu huja kwa mafungu, si kila mwezi kama mshahara, na wiki za mwisho kabla ya fungu jipya ndizo ambazo vijana hupokea kazi yoyote ya kupiga muziki harusini hata kama kesho kuna mtihani. Katika ngazi ya stashahada, mikopo hutolewa kwa fani chache za kipaumbele tu, kwa hiyo mzazi ahakikishe mapema badala ya kudhani. Na ikumbukwe kuwa mkopo hulipwa: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na msanii aliyejiajiri naye anadaiwa ingawa hana mwajiri wa kumkata.

Hapo ndipo huja swali ambalo wazazi huliuliza wakiwa wamesimama tayari kuondoka: atakula nini? Hatuwezi kuahidi. Tunaweza kusema kwamba mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, katika sekondari, na fani za sanaa zimo ndani yake, kwa hiyo shule zitahitaji walimu waliosomea mambo hayo. Tunaweza pia kumkumbusha mzazi wa Dodoma kuhusu marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani humu, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kulipeleka zeze na marimba ya Kigogo kwenye majukwaa ya Ulaya na kwingineko, na aliyekuwa pia mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Zawose ni mmoja, na si haki kumpima kila kijana kwake. Lakini mzazi anayesema kwamba muziki si kazi ya watu wa huku hasemi kweli.

Sasa mambo ya kuhofia, ambayo ni machache. La kwanza ni mwili: maumivu ya goti au kiuno yasiyokwisha kwa mcheza ngoma, na sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu kwa mwimbaji, ni ya kupelekwa kwa daktari. Tangawizi na asali pekee havitoshi. Hakikisha bima ya afya imelipiwa. La pili ni mikataba. Kijana mwenye sauti nzuri hafichiki, na muhula wa pili hauishi kabla hajatokea mtu anayejiita meneja akiwa na karatasi ya kusaini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, ila haki aliyoiuza kwa saini yake ni vigumu kuirudisha. Hapa mzazi ana nafasi halali kabisa ya kuingilia, kwa kusema neno moja tu: usisaini leo. La tatu ndilo zito zaidi. Katika fani ambayo mtu mmoja huamua nani apate nafasi jukwaani, na ambayo mafunzo yake huhusu mwili, wapo wanaoutumia uamuzi huo kudai ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa zake, na vyuo vina madawati ya jinsia. Lakini kijana hataenda kwenye dawati lolote kama anajua kwamba nyumbani jibu litakuwa "ndiyo maana tulikukataza sanaa". Mwambie kabla hajaondoka, kwa maneno ya wazi, kwamba akikutwa na jambo la namna hiyo hatalaumiwa na hatarudishwa nyumbani kwa nguvu. Zungumza na kijana wa kiume vilevile.

Kuhusu kutembelea, treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 imeifanya safari iliyokuwa ya siku nzima ndani ya basi kuwa ya saa chache, jambo ambalo ni baraka na pia ni mtego. Mzazi aliye Dodoma ambaye mtoto wake anasoma Bagamoyo anaweza kupanda treni ya asubuhi na mchana akawa njiani kuelekea Bagamoyo, na wapo waliofanya hivyo kila mwisho wa wiki hadi mtoto akaanza kujificha. Nenda siku ya onesho. Kaa kimya wakati wa kutazama, usimwite jina akiwa jukwaani, na baada ya hapo mwache kwanza apongezane na wenzake.

Nafasi ya mzazi, hata hivyo, haiishii kwenye kiti cha mtazamaji. Wanafunzi wa ngoma na muziki hupewa kazi ya kukusanya nyimbo za kwao, kuzirekodi, kuziandika na kueleza zinapigwa lini na nani, na ni wakati huo ambapo kijana aliyekulia Area C, mtaa wa hapa mjini, hugundua kwamba hajui maana ya nusu ya maneno ya wimbo wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, aliousikia tangu utotoni. Mama mmoja wa Mvumi alitusimulia jinsi simu ilivyoita saa tatu usiku, saa ambayo binti yake hajawahi kupiga, akaipokea moyo ukimdunda, kumbe anamtafuta bibi. Alitaka kujua wanawake huibana vipi ngoma katikati ya mapaja wanapoipiga wakiwa wamesimama, na mstari wa tatu wa wimbo fulani unasemaje. Bibi aliamshwa, simu ikawekwa juu ya kinu kilichofudikizwa, akaimba. Katikati alikohoa, akasema hiyo haifai kupelekwa chuoni, akaomba maji, akaanza upya.