"Kuna posho?" na dhana nyingine kuhusu mikutano ya programu huria Mbeya

Ukimwalika mtu hapa Mbeya kwenye mkutano wa wapenzi wa programu huria, swali la kwanza halihusu programu. Ni hili: "Kuna posho?" Simlaumu. Semina ndizo zilizotulea: ukumbi wa hoteli, mgeni rasmi, bahasha mwishoni. Kwetu ni darasa la kuazima siku ya Jumamosi, kila mtu na kompyuta yake, chai tunaichangia. Wa Iringa hupanda basi alfajiri kwa nauli zao. Mgeni rasmi hayupo, ila kuchelewa tunachelewa vilevile.

Dhana sugu kuliko zote ni kwamba cha bure ni kibovu. Kwanza, bure na huria ni vitu viwili. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuuona msimbo wake (maagizo yaliyoiunda), kuubadilisha na kumgawia mwenzako. Bei ni habari nyingine, na zipo kampuni zinazopata faida kwa kuuza huduma zake. Pili, huo ubovu uko wapi? Linux, programu mama ya kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ilifika 2017 ikiwa inaendesha kompyuta zote 500 zilizoorodheshwa kuwa na nguvu zaidi duniani. Kiini chake kimo kwenye kila simu ya Android, hata ya dereva wa bajaji pale Mwanjelwa. Na huyo anayeniambia haamini vya bure, mara nyingi Windows yake iliwekwa na fundi kwa elfu kumi, leseni hana.

Wanaodhani sisi ni wadukuzi, waje wakae nusu saa. Watachoka wenyewe.

"Mimi sijui kuandika programu, nije kufanya nini?" Hapa ndipo tunapokosa watu wa maana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa kwa Kiswahili OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, na kazi kama hiyo huhitaji wajuzi wa lugha kabla ya mafundi. Siku moja tulikuwa tunatafsiri vitufe. Kijana mmoja aliandika "Futa" kwa kitufe cha kuondoa faili, na kwa kile cha kubadili nia bila kuondoa kitu (Cancel) akaandika "Futa" tena. Tukapata kisanduku kinachouliza: "Futa faili hili?" Chini yake vitufe viwili: Futa, Futa. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ambaye kompyuta huiwashia akiwa na mjukuu wake, akatazama, akasema: "Hicho cha pili ni Ghairi, mwanangu." Kazi ya nusu saa ikaisha kwa neno moja.

Ramani nazo ni hivyo hivyo. Katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walipita mitaani kuchora vijia na mitaro kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa ajili ya mafuriko. Kilichotakiwa ni miguu na macho. Vijia vya Ilomba, hapa kwetu Mbeya, anavijua anayeishi Ilomba.

Wengine wanasema haya ni mambo ya Ulaya, au basi ya wenye intaneti ya kasi. FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, ulifanyika Dar es Salaam mwaka 2018. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa ilituma CD kwa posta bila malipo. Sisi mmoja anapakua kwa bando la usiku, asubuhi flashi inazunguka darasa zima. Leseni inaruhusu.

Dhana ya mwisho ni yetu wenyewe: kwamba dawa ya kila kompyuta ni Linux. Mama mmoja mwenye stesheneri alituletea mashine nzito, imejaa virusi. Tukamwekea Linux, ikawa nyepesi, tukapiga makofi. Akachomeka printa yake. Kimya. Tulihangaika na dreva, programu ya kuiunganisha printa na kompyuta, hadi saa kumi na moja jioni, wateja wakimpigia simu, naye akiitazama saa ya ukutani bila kusema neno. Tukamrudishia Windows, safi safari hii, tukambakizia LibreOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi.