Ile asilimia 93 haijawahi kupima hotuba

Wiki hii nimeletewa tena ule mchoro wa duara. Kijana wa ofisi moja hapa mjini anajiandaa kuzungumza mbele ya wakurugenzi wake, akaniambia maneno yenyewe tusihangaike nayo sana, tushughulikie mikono, macho na namna ya kusimama. Kwenye semina kafundishwa kwamba asilimia 55 ya mawasiliano ni lugha ya mwili, 38 ni sauti, na maneno ni 7 tu, yaani 93 si maneno. Slaidi anayo kwenye simu. Kazi yangu ni kuwafundisha watu kuzungumza mbele ya hadhira, na sijaona imani iliyoharibu hotuba nyingi kama hii.

Takwimu hizo zina mwenyewe. Ni Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na zilitokana na majaribio mawili aliyoyachapisha na wenzake mwaka 1967. Katika la kwanza, watu walisikilizishwa neno moja moja, kama "asante" au "labda", likitamkwa kwa sauti ya upendo, ya kawaida au ya chuki, kisha wakaulizwa msemaji anamwonaje anayemwambia. Katika la pili lilitumika "labda" peke yake, kwa sauti tofauti, pamoja na picha za nyuso. Matokeo ya majaribio hayo yakaunganishwa, ndipo zikapatikana 7, 38 na 55.

Neno moja, jamani, na picha ya uso iliyotulia! Hakuna mkono ulionyanyuliwa, hakuna aliyetembea jukwaani, hakuna sentensi, sembuse hotuba. Kilichoonekana ni kwamba neno na uso vikipingana, watu huuamini uso katika kujua hisia za msemaji. Hilo ni kweli. Kila aliyewahi kuambiwa "sijakasirika" na mtu aliyenuna analijua. Mehrabian mwenyewe ameeleza wazi kwamba hesabu ile inahusu hisia na mitazamo tu. Nani aliyeipeleka kwenye bajeti, mawaidha na risala za wafanyakazi?

Sasa njoo kwetu. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee kuhusu uvamizi wa Idi Amin kule Kagera. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo, ilianza 1994. Nchi ilimsikia redioni. Aliyekuwa Tunduru hakuona mkono wa Mwalimu wala macho yake, na bado maneno yake matatu, sababu, nia na uwezo, yamebaki midomoni mwa watu ambao hata hawakuwa wamezaliwa. Sauti yake ilifanya kazi kubwa, sibishi. Lakini tazama alichokipanga: kuna sababu ya kupigana? Tumeamua kweli? Tutaweza? Hayo ndiyo maswali ambayo msikilizaji alikuwa nayo moyoni siku ile, na kila moja lilijibiwa kwa sentensi ambayo mtoto anaweza kwenda nayo nyumbani.

Wala sidharau utoaji, yaani namna ya kuitoa hotuba. Cicero, msemaji wa Roma ya kale, anasimulia kwamba Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Ugiriki ya kale, alipoulizwa jambo la kwanza katika uzungumzaji ni lipi, alijibu utoaji. La pili, utoaji. La tatu, utoaji. Wakufunzi wanapenda sana kisa hicho. Hawaongezi kwamba Demosthenes huyo huyo alijiandaa mno, hadi mpinzani wake Pytheas akamkejeli kuwa hoja zake zinanuka utambi wa taa, yaani kakesha akiziandaa.

Kinachomshika msikilizaji ni kusubiri kitu. Ukisema "ndugu zangu, bima ya afya ni muhimu sana", hana cha kusubiri, maana analijua hilo tangu nyumbani. Sema hivi: "Mama wa Buguruni kafika hospitali saa nane usiku, mtoto anachemka, mkononi ana elfu tatu." Vichwa vinainuka. Simama vile vile, mikono iache pale pale, vichwa vitainuka tu, kwa sababu kila mtu anataka kujua mtoto alipona au la. Usimjibu haraka. Eleza bima kwanza, kisha urudi kwa yule mama.

Itifaki? Itaje kwa kifupi. Nimeona watu wakimaliza dakika nzima nzima wakitambua uwepo wa kila kiongozi aliyeketi meza kuu, na ukumbi unawaponyoka kabla hawajasema neno lao la kwanza. Slaidi: chache, herufi kubwa. Kasi: punguza.

Linaloniudhi zaidi ni "Mpooo?" Ukumbi unajibu "Tupooo!", msemaji anafurahi, anaamini kawakamata. Hajawakamata. Kaomba sauti, kapewa sauti, na baada ya dakika mbili simu zimerudi mkononi, kwa hiyo anaomba tena, halafu anawasimamisha watu wamwambie jirani yao neno fulani. Mwisho watu wamechoka kwa kuamshwa. Wengine hunijibu kwamba kiitikio ni mila yetu, na ni kweli. Lakini waangalie bibi zetu walivyokitumia. "Paukwa!" "Pakawa!" Mara moja, pale mwanzoni, na hadithi inafuata papo hapo. Kuitikia kulikuwa makubaliano: ninyi mnasikiliza, mimi nina kitu. Hakuna bibi aliyekatiza ngano kila baada ya dakika tano kuuliza kama wajukuu wapo. Akiona wanasinzia, alimleta zimwi. Ndicho ninachowaambia wanafunzi wangu: ukumbi ukilala, lete zimwi lako, yaani lile jambo gumu ulilolificha ukurasa wa nne.

Na macho nayo. Vitabu vinasema mtazame kila mtu machoni. Mbele ya wakurugenzi, sawa. Mbele ya wazee wa mtaa, kijana anayewakazia macho mmoja mmoja anaweza kuonekana hana adabu, na hapo hata hoja nzuri haitapokewa. Mimi humwambia atazame nyuso kwa upole na asigande kwa mtu mmoja.

Ninalo shaka moja ambalo sijalimaliza. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaka imani kwa msemaji itokane na hotuba yenyewe, siyo na jina alilokuja nalo. Ningependa iwe hivyo. Lakini ukumbini naona mwenye cheo akisema jambo la kawaida watu wakaandika, na karani akisema jambo zito watu wakatazama saa. Mwalimu alisikilizwa pia kwa sababu alikuwa Mwalimu. Sehemu ya kazi inafanyika kabla hujashika kipaza sauti, na kwa sehemu hiyo mimi sina zoezi la kukupa.

Kwa ile nyingine ninalo, na kijana wangu kaondoka nalo. Rekodi hotuba yako kwa sauti tu, bila picha. Mtumie mtu wa nyumbani asiyefanya kazi ofisini kwako, shangazi au mdogo wako. Usimuulize kama imependeza, atakuambia imependeza. Kesho yake mwombe akusimulie ulisema nini. Asichokisimulia, kakiandike upya, na mikono usiiguse kwanza.