Wimbo wa kejeli si wimbo wa matusi

Wimbo wa kejeli ni wimbo unaofichua uovu, ujinga au unafiki kwa kuchekesha, huku mwimbaji akijifanya anasifu, anatetea au hata anaomba dua. Maana yake ndiyo hiyo. Kinachonikera ni jinsi neno hili linavyotumika Kampala siku hizi. Msanii anamwita mwenzake fukara na mchawi, anamtaja mpaka mama yake mzazi, na kesho yake mtangazaji anatuambia kwamba fulani ametoa wimbo mkali wa kejeli. Hapana jamani. Huo ni ugomvi uliowekewa ngoma.

Tofauti si ya ukali. Kejeli inaweza kuuma kuliko tusi lolote. Tofauti ni nani anayetoa hukumu. Anayetukana anahukumu yeye mwenyewe, na msikilizaji hana kazi isipokuwa kuchagua upande. Mwimbaji wa kejeli anampa mkosaji nafasi ya kujieleza, tena kwa sauti tamu, mpaka mkosaji anajianika kwa maneno yake. Hukumu anaitoa msikilizaji, na kwa kuwa ameifikia mwenyewe, ni vigumu kumtoa kwenye hiyo hukumu.

Mfano ninaoupenda unatoka mbali. Tom Lehrer alikuwa mwalimu wa hisabati nchini Marekani, akapiga piano na kutunga nyimbo za kuchekesha. Alifariki Julai 2025 akiwa na miaka 97. Mwaka 1965 alikuwa na wimbo mfupi kuhusu Wernher von Braun, mhandisi aliyeitengenezea Ujerumani ya Hitler makombora ya V-2 yaliyoangukia London, na baada ya vita akachukuliwa na Wamarekani awatengenezee roketi za kwenda angani. Lehrer angeweza kumwita muuaji. Badala yake anaanza kama anayemtetea, kisha anamwachia mhandisi aseme kwa lafudhi yake ya Kijerumani: kazi yangu ni kurusha roketi, zinakotua ni shughuli ya idara nyingine. Hakuna tusi hata moja. Lakini yeyote kati yetu aliyewahi kuzungushwa dirisha hadi dirisha katika ofisi ya umma anaijua hiyo sauti ya "si idara yangu", na anajua ni ya mtu wa namna gani.

Wafaransa nao walikuwa na Georges Brassens, mtu wa gitaa na kiko. Mwaka 1952 aliimba habari za sokwe aliyetoroka kwenye kizimba chake, akiwa na tamaa ya mwili, akamkuta bibi kizee na hakimu kijana, akamchagua hakimu amtimizie tamaa hiyo. Watu wanacheka kwa sababu ni upuuzi mtupu, mpaka mwisho kabisa, pale hakimu anapolia na kumwita mama yake, sawasawa na mtu ambaye siku hiyohiyo alikuwa amemhukumu kukatwa kichwa. Wimbo huo ulizuiwa redioni. Ufaransa ilifuta adhabu ya kifo mwaka 1981, na sidai kwamba wimbo ndio uliofuta. Nasema tu kwamba ndani yake hakuna hotuba yoyote dhidi ya adhabu ya kifo, na hakuna asiyeelewa unazungumzia nini.

Hapa Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni wimbo wa Eric Wainaina wa Kenya, Nchi ya Kitu Kidogo, wa mwaka 2001. Ufundi wake ni kujifanya haelewi. Sote tunajua mtu akiomba chai kaunta anaomba nini. Wainaina anachukulia kwamba ni chai ya kunywa, akamwelekeza mwombaji aende Limuru, kwenye mashamba ya majani ya chai. Hajamwita mtu mwizi. Ameliondolea tu neno kificho chake, basi. Nimewahi kuusikia wimbo huo ndani ya taksi iliyokuwa ikielekea Busia. Abiria walicheka, kondakta akacheka kuliko wote, kisha tukafika kwenye kizuizi na noti ikapita kwa askari ikiwa imekunjwa ndani ya leseni. Safari hii kondakta aliinamisha macho, na ndani ya gari hakuna aliyezungumza kwa muda. Wimbo wa matusi hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu kila mmoja angejihesabu kuwa hayumo.

Na hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi: watu hudhani kejeli lazima imlenge mtu mwenye jina. Kwa kawaida inalenga tabia. Franco Luambo Makiadi alipotoa Mario mwaka 1985 aliimba juu ya kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri na bado anamsumbua nyumbani kwake. Hata wasiojua Kilingala waliupata ujumbe. Kila mtaa ulijua Mario wake ni nani, na jina lenyewe likaingia katika Kiswahili, hadi leo kijana wa namna hiyo tunamwita marioo. Tusi lingeisha na yule aliyetukanwa.

Sisi Uganda tuna hazina yetu katika kadongo kamu, muziki ulioitwa hivyo kwa sababu unatosha kuchezwa na gitaa moja dogo. Watu wa Kampala wanaupuuza kama muziki wa wazee. Paulo Kafeero, aliyefariki 2007, alipotaka kusema juu ya ulevi hakusimama kama mhubiri. Katika Dipo Naziggala anayezungumza ni mlevi mwenyewe, na ni katika kumfuata yeye ndipo msikilizaji anapoona pombe inavyomfanya mtu. Ni njia ileile ya Lehrer, na sidhani kama wawili hao waliwahi kusikiana.

Kuhusu nyimbo za kubadilisha maneno ya wengine nitasema kidogo tu, maana nazo huchanganywa. "Weird Al" Yankovic wa Marekani mwaka 1984 aliugeuza wimbo wa Michael Jackson, Beat It, ukawa wimbo wa kumbembeleza mtu ale. Unachekesha sana. Ni mwigo. Mwigo unaweza kubeba kejeli, lakini ule haumshtaki mtu.

Mkanganyiko huu si wa watangazaji peke yao, maana wenye madaraka nao wakiambiwa kejeli husikia tusi. Julai 2020 wachekeshaji wa kikundi cha Bizonto walikamatwa kwa video iliyowaomba Waganda wawaombee viongozi wao, huku wakiwataja kwa majina na vyeo. Walituhumiwa kueneza ubaguzi, kwa sababu orodha ile ilionyesha wakubwa wengi wanatoka upande mmoja wa nchi. Hawakumkashifu mtu. Walikuwa wanaomba dua, na uchungu wote ulikuwa katika orodha yenyewe. Kabla yao, Byron Kawadwa alipeleka kwenye tamasha la FESTAC huko Lagos, mwaka 1977, mchezo wake wa nyimbo Oluyimba lwa Wankoko, ambao anwani yake inamtaja jogoo, si rais. Mwaka huohuo alichukuliwa na watu wa Amin kutoka Jumba la Taifa la Maigizo, Kampala, akauawa. Watu wa namna hii ndio tunaowachanganya na wasanii wanaogombania jukwaa la Krismasi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoshika vipaza sauti, nyimbo za kurushiana maneno zina majina yake tayari. Kama ni wasanii wawili wanapigana, semeni bifu. Kama ni vijembe vya taarabu, semeni mipasho, nayo ni sanaa yenye wakongwe wake, akiwemo Khadija Kopa, wala haihitaji kuazima jina. Na mkitaka kujua kama wimbo ulio mbele yenu ni wa kejeli, ondoeni jina la anayesemwa, kisha usikilizeni tena muone kama bado kuna kilichobaki.