Kompyuta Kukwama Si Lazima Iwe Virusi

Katika maduka ya kuchapa kazi za wanafunzi Wandegeya, Kampala, kompyuta ikikwama kila unapotaka kufungua faili, hukumu huwa moja: virusi, au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) haitoshi. Mara nyingi si hivyo. Tazama Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inavyofanya kazi, wakati huohuo. Ukikuta prosesa (CPU, ubongo wa kompyuta) imepumzika, karibu asilimia sifuri, programu haijaelemewa, inangoja jibu.

Inangoja nini? Tuseme diski Z: ni folda iliyo kwenye kompyuta nyingine ya dukani, nayo imezimwa tangu asubuhi (umeme ni ghali). Windows huibishia hodi. Kompyuta iliyozimwa haiwezi kusema "sipo", kwa hiyo Windows husubiri sekunde kadhaa, hujaribu tena, husubiri tena, ndipo ikate tamaa. Orodha ya faili za karibuni, ikiwa na faili za Z:, inaweza kuanzisha msako huohuo. Flashi iliyochomolewa ina nafuu, maana kutokuwepo kwake hujulikana papo hapo; mbovu iliyobaki imechomekwa ndiyo msumbufu.

Kununua RAM hapa ni kutupa shilingi. Bofya Z: kwa kitufe cha kulia, itenganishe, kisha ondoa faili zake kwenye orodha ya karibuni.